Barabara ya Mbagathi: Miezi sita, tembe na simu ya kabambe

Ukiabiri matatu katikati ya jiji la Nairobi na kuifuata Barabara ya Ngong, utafika kituo ambacho makanga hukiita "Mochari" bila kupepesa jicho. Ni kweli, hapo ndipo palipo chumba cha kuhifadhia maiti cha jiji. Shuka, kata kushoto, nawe umeingia Barabara ya Mbagathi. Mgeni anayeletwa hapa kwa mara ya kwanza huenda akadhani ameanzia safari mwisho.

Barabara yenyewe si ndefu. Upande wa pili inaungana na Barabara ya Lang'ata, na katikati hapo jiji limerundika karibu kila kitu kinachohusu ugonjwa na uzima. Pana makao makuu ya Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu, KEMRI, iliyoanzishwa mwaka 1979. Hospitali Kuu ya Kenyatta haiko mbali. Ukisonga mbele utakutana na Soko la Kenyatta, Hospitali ya Mbagathi, majumba ya Nyayo Highrise, na nyuma ya majumba hayo mabati ya Kibera yanayong'aa jua la saa sita.

Soko la Kenyatta halihitaji kutambulishwa kwa akina dada wa Nairobi. Kabla hujafunga mlango wa gari, wasusi watano wamekuzunguka, kila mmoja akiapa kwamba mkono wake ni mwepesi kuliko wa mwenzake. Ukiwapita wasusi, moshi wa nyama choma unakupokea. Nimewaona watu wametoka hospitalini na bahasha za eksirei kwapani wakisimama hapo, wakitazama mbavu za mbuzi zikigeuzwa, kisha wakaendelea na safari yao wakimeza mate. Dawa hutolewa bure, lakini nyama hulipiwa.

Hospitali ya Mbagathi ilijengwa katika miaka ya 1950 kuwatenga waliopatwa na magonjwa ya kuambukiza. Wazee wa mtaa bado wanaiita IDH, herufi za jina lake la Kiingereza la wakati huo, na wengine wao hulitamka kwa sauti ya chini. Waliolazwa humo kwa kifua kikuu hawakujua watatoka lini. Matibabu yalichukua mwaka mmoja na nusu, na sehemu ya dawa hizo ilikuwa sindano.

Kilichoyafupisha matibabu hayo ni jambo ambalo wanafunzi wetu hawafundishwi vya kutosha. Mwaka 1970 watafiti wa Afrika Mashariki wakishirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza walianza kujaribu matibabu ya miezi sita kwa wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1972, na yalionyesha kwamba dawa kama rifampicin zikitumiwa ipasavyo, miezi sita inatosha. Kwa hiyo mgonjwa wa Ulaya anayemeza tembe zake kwa nusu mwaka leo ana deni kwa wagonjwa wa huku kwetu, ingawa hajui hata mmoja wao.

Hata hivyo, miezi sita si siku mbili. Miwili ya kwanza mgonjwa hutumia dawa za aina nne, na minne inayofuata aina mbili. Baada ya wiki chache kikohozi hupungua, jasho la usiku hukauka, uzani hurudi. Hapo ndipo hatari ilipo. Mtu aliyepona machoni pa majirani huona haya kuendelea kumeza dawa, na vijidudu vilivyosalia mapafuni vikipewa nafasi huweza kurudi vikiwa sugu.

Nilikaribishwa Kibera, karibu na reli, na mama mmoja anayeuza omena na sukuma wiki. Mwanawe alikuwa na umri wa miaka 22 na mwanafunzi wa chuo cha ufundi alipougua mwaka 2016. Leo ni fundi wa umeme, ana mke na mtoto, na aliomba nisiliandike jina lake kwa kuwa wateja wengine wangeogopa kumwingiza nyumbani kwao.

"Mwanangu, huyu alikuwa amebaki mifupa," mama aliniambia akipima omena kwa mkebe. "Suruali ilikuwa ikifungwa kwa kamba."

"Mama naye hupenda kuongeza chumvi," kijana akacheka.

"Nimeongeza nini? Kamba ilikuwa ya manila, tena ya kijani."

Katika mwaka huohuo kulikuwa na majaribio katika vituo 17 vya afya jijini Nairobi, ya programu ya simu iliyoitwa Keheala. Msomaji asifikirie simu zile za kioo kikubwa. Programu hiyo ilifanya kazi hata kwenye kabambe, simu ambayo wengi huiita mulika mwizi kwa sababu ya tochi yake. Haikuhitaji intaneti. Mgonjwa alibonyeza nyota, tarakimu na heshi, kama tunavyofanya tukitafuta salio, kisha akathibitisha kwamba amemeza dawa za siku hiyo. Asipothibitisha alitumiwa ujumbe wa kumkumbusha. Akiendelea kunyamaza, alipigiwa simu na mtu.

Kijana wetu alikuwa kwenye utaratibu wa namna hiyo. Mwezi wa kwanza alijibu kila siku, kwa hofu. Mwezi wa pili alijibu kwa mazoea. Mwezi wa tatu alirudi kucheza kandanda, na siku moja akaona kwamba mtu anayeweza kukimbia dakika tisini hana ugonjwa. Aidha, tembe zilikuwa zikimchafua roho. Alizimeza alfajiri na tumbo tupu, akaenda darasani akitapika njiani. Mkojo wake ulikuwa wa rangi ya machungwa kwa sababu ya dawa, na wenzake waliomwona chooni walikwisha kuanza minong'ono. Katika mitaa yetu, ukitaja kifua kikuu watu husikia ukimwi, na kikombe chako kinatengwa jioni hiyohiyo.

Pia simu haikuwa yake peke yake. Ilikuwa ya mama, naye mama aliihitaji sokoni kupokea pesa za wateja. Ujumbe wa dawa uliingia mbele ya macho ya watu. Mara moja jirani aliyeazimwa simu aliusoma kwa sauti. Nadhani wanaobuni programu hizi katika maofisi yenye viyoyozi wangefaa kwenda kuketi siku moja nyuma ya meza ya omena, waone simu moja inavyopita mikono minne kabla ya saa nne asubuhi.

Aliacha dawa siku nne. Ujumbe ukaja, akaufuta. Ukaja mwingine, akaufuta. Siku ya tano akapigiwa na mwanamke ambaye sauti yake, anasema, ilikuwa ya mtu mzima asiye na haraka.

"Hakuniuliza kwa nini nimeacha," kijana alieleza. "Aliniuliza, 'Umekula nini leo, baba?' Nikakosa la kusema. Nikamwambia ukweli, sijala."

Mwanamke huyo alimweleza kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuugua kifua kikuu na akapona. Alimsihi arudi kliniki siku hiyohiyo. Muuguzi alimsikiliza, akamkagua, na kwa kuwa dawa zilikuwa zikimtapisha akamruhusu azimeze na uji kidogo. Hayo tu. Mama alianza kuamka saa kumi na moja kukoroga uji wa wimbi, na kuanzia hapo simu ililala kando ya sufuria mpaka nambari ilipobonyezwa.

Matokeo ya majaribio yale yalichapishwa Septemba 2019 katika jarida la kitabibu la New England nchini Marekani. Miongoni mwa waliohudumiwa kwa kawaida, takriban 13 katika kila 100 hawakufaulu matibabu: waliacha dawa, hazikuwafaa, au walifariki. Miongoni mwa waliokuwa na programu walikuwa takriban wanne.

Lakini tusikimbilie kuiimbia simu sifa. Nchini Uganda mfumo mwingine uitwao 99DOTS, ambapo mgonjwa hupiga nambari ya bure anayoikuta kwenye pakiti ya dawa, ulijaribiwa mwaka 2019 katika vituo 18, na wagonjwa wote walipohesabiwa pamoja hapakuonekana tofauti kubwa. Utafiti wa China uliochapishwa mwaka 2015 nao ulionyesha kwamba ujumbe mfupi wa kukumbusha, peke yake, haukumsaidia mgonjwa kutunza ratiba. Kwangu mimi, nikisikiliza hadithi ya Kibera, ninaelekea kuamini kwamba simu ilifanya kazi ya kengele ya mlangoni, naye aliyeingia ndani akauliza habari ya chakula alikuwa binadamu.

Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini wamekabidhiwa vifaa vya kazi, ikiwamo simu yenye programu ya kuandikia habari za nyumba wanazozitembelea. Wa mtaa huu ni mwanamke mnene anayetembea na mwavuli hata wakati wa kiangazi. Nilipomwuliza kama simu inamsaidia, aliniambia inamsaidia sana, ila mlima wa kwenda Laini Saba haujawekwa ndani yake.

Anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi, anayetokwa na jasho jingi usiku au anayekonda bila sababu, aende akapimwe makohozi katika kituo chochote cha afya cha serikali. Vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo. Katika nyumba yenye mgonjwa, madirisha yafunguliwe na watoto wapimwe. Sahani na vikombe havina hatia yoyote, kwa maana ugonjwa huu husafiri kwa hewa.

Kijana alimaliza dawa mapema mwaka 2017. Muuguzi alimpima makohozi mara ya mwisho, akamwambia aende zake. Jina la yule mwanamke lilikuwa limehifadhiwa katika simu ya mama kama "Auntie Dawa", na jioni hiyo walimpigia wote wawili, mama akiwa na hotuba aliyoitayarisha. Nambari haikupatikana. Walijaribu tena kesho yake, na wiki iliyofuata. Simu ile iliibiwa baadaye sokoni, na laini ikapotea pamoja nayo.

"Sikuwahi kumwona," kijana alisema akikunja waya wake, kwa kuwa alikuwa akingojewa Highrise kurekebisha swichi. "Nikipita Mbagathi huwa nawatazama tu akina mama wa pale, nikisema labda ni huyu."