Pindo la Akiba



Wapendwa waamini, Dominika hii tunafunga mwaka wa Kanisa kwa Sherehe ya Kristo Mfalme, na juma lijalo twaanza Majilio. Ni desturi njema katika siku hizi mtu kuketi na kuhesabu aliyojaliwa. Wako wanaohesabu magunia ya maharage, wako wanaohesabu madeni waliyolipa. Sisi tumependa kuhesabu nguo. Mwaka mzima cherehani ya kukanyaga kwa miguu imesimama karibu na dirisha la sebule, hapa Vuga, nasi jioni nyingi tumeketi mbele yake. Kushona tulijifunza seminarini katika saa za kazi za mikono, ambako kila kijana alipaswa kujitilia viraka mwenyewe.

Vuga na kitambaa wanafahamiana tangu zamani. Katika karne ya 19 mji huu ulikuwa makao ya Simba Mwene, mfalme wa Usambara kutoka ukoo wa Wakilindi. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alipopanda milima hii mwaka 1848, aliyetawala alikuwa Kimweri ye Nyumbai, ambaye alifariki mwaka 1862. Zama zile kitambaa kilitoka pwani na kupandishwa huku mabegani mwa watu. Kilichosifika sana kiliitwa merikani, pamba isiyotiwa rangi iliyofumwa Marekani na kuletwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem. Siku hizi marobota ya mitumba hupanda kwa lori, na mara nyingi suruali nzima huuzwa bei ndogo kuliko kitambaa kipya cha kuishona. Basi kwa nini mtu ajisumbue kushona? Tunadhani jibu limo katika kazi nne tulizozipenda kuliko nyingine zote za mwaka huu.

Ya kwanza ni ndogo: mifuko ya kwendea sokoni. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini mwetu, na vipande vya vitenge vilivyokuwa vikitupwa vikapata kazi. Siri ya mfuko ni mpini wake: ushonwe mara mbili, kwa umbo la mraba lenye msalaba ndani yake, ndipo utakapostahimili viazi.

Ya pili ni koti la mtoto. Wenyeji wa milima hii mnajua ukungu wa kuanzia Juni hadi Agosti ulivyo, nasi tulikuwa na koti kuukuu la mtu mzima, lililopauka mabegani. Tulilifumua mshono kwa mshono, tukageuza kitambaa, kwa maana upande wa ndani haukuwa umeliona jua, tukamkatia mjukuu wa mama anayetupikia. Kufumua kulichukua jioni tatu, na kushona jioni mbili. Anayeona koti jipya haoni zile jioni tatu.

Ya tatu ilitugharimu machozi. Mama yetu mzazi alifariki wakati wa Kwaresima. Nguo zake zilipogawanywa, sehemu yetu ilikuwa doti moja ya kanga, iliyolainika kwa kufuliwa miaka mingi. Mwezi Agosti akazaliwa kitukuu wake, tukaamua kumshonea mtoto kifuniko chepesi cha kulalia. Kama mjuavyo, kanga ina pindo lililoizunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani yale maandishi yake. Tulipima mara nyingi kabla ya kushika mkasi ili jina libaki zima, mtoto atakapojua kusoma aisome sauti ya bibi yake mkuu. Kitambaa kikongwe, tena, hakishonwi kama kipya. Chataka sindano nyembamba na hatua ndefu za uzi, kwani matundu yakikaribiana mno hukikata kama ukingo wa stempu. Tulishona polepole sana. Waliofiwa nao ndivyo wanavyotaka kushikwa.

Ya nne ndiyo iliyotufanya tuandike juma hili. Ni sketi ya shule, ya buluu, ya marinda, wala hatukuishona sisi.

Bibi mmoja alikuja kutueleza kwamba mjukuu wake wa darasa la sita amekaa nyumbani siku tatu. Mtoto hakuwa mgonjwa. Amerefuka, sketi ikapanda juu ya magoti, wenzake wakamcheka mpaka akakataa kutoka nje. Tangu Januari 2016 elimu katika shule za serikali, kuanzia msingi hadi kidato cha nne, hutolewa bila ada. Lakini sare ni juu ya mzazi, na bibi yule huishi kwa vibarua vya kupalilia. Fedha ya sketi mpya hakuwa nayo. Binti wa umri ule akizoea kukaa nyumbani, wapo wanaoanza upesi kumtafutia mambo mengine, nasi sote twayajua.

Tuliigeuza ile sketi, na humo ndani tukakuta pindo lenye upana wa vidole vinne. Fundi aliyeishona, ambaye hatumjui wala bibi hamkumbuki, angeweza kukunja kidole kimoja, akabakiza kitambaa cha kutosha soksi ya mtoto au kifuko cha mezani. Hakufanya hivyo. Alikunja vinne, akashona kwa uzi mwepesi kufumuka. Tuliteremsha vidole vitatu, tukapiga pasi kwa kitambaa kilichoroweshwa maji, tukakunja upya. Chini pakabaki mkanda wa buluu iliyoiva, mahali ambapo jua halikufika, na juu ya mpaka wake tukapitisha mistari miwili ya uzi mweupe ili ionekane ni pambo. Jumatatu mtoto alikwenda shule.

Wapendwa, fundi yule alimpima mtoto aliyesimama mbele yake, kisha akamshonea pia mtoto ambaye alikuwa bado hajafika. Kitabu cha Kwanza cha Samweli chatusimulia kuhusu Hana, aliyempelekea mwanawe kanzu ndogo kila mwaka hekaluni. Tumemfikiria sana mama huyo. Alikuwa akimshonea mtoto ambaye hakai naye. Ilimpasa akadirie urefu kwa upendo, na bila shaka kuongeza kidogo.

Hilo ndilo jibu la swali letu. Nguo ya robota ilikatwa kwa ajili ya mtu yeyote. Nguo ya nyumbani hukatwa kwa ajili ya fulani, pamoja na vile atakavyokuwa. Nasi tujiulize kama tunavyosema juu ya watoto wetu, na juu ya kijana aliyeanguka katika mtihani au aliyerudi kutoka mjini mikono mitupu, tunawaachia pindo lolote, au tumewakata kwa kipimo cha siku moja.

Shule zitafunguliwa Januari. Kabla ya Noeli geuzeni sare za watoto, mtazame kilichokunjwa ndani. Mwenye cherehani amkumbuke jirani asiye nayo, awe wa Kanisa letu, Mlutheri au Mwislamu. Ya kwetu ipo karibu na dirisha, na jioni za Jumanne na Alhamisi mlango hautafungwa. Uzi wa buluu upo.

Tunawatakieni Dominika njema na juma lenye baraka.