Kabla Uulize "Nitapata?", Fanya Hesabu Mbili

Kila Januari matokeo ya KCSE yakitoka, inboksi yangu hujaa swali moja tu. "Bro, nina A-, nitapata udaktari?" "Nina B+ ya pointi 68, sheria wataniita?" Mtu anatuma skrinshoti ya matokeo, salamu hakuna, anangoja nimwambie ndio au hapana kama mganga. Inachekesha, kwa sababu mimi mwenyewe nilitoka kampasi bila digrii. Lakini pengine ndio maana wananiuliza. Sina chuo cha kuuzia mtu.

Wacha nijibu wote mara moja. Ukitaka kujua nafasi yako, fanya hesabu mbili. Moja watu huifanya vibaya. Nyingine karibu hakuna anayeifanya.

Tuanze na ya kwanza. Gredi yako peke yake haisemi kama utapata kozi yenye ushindani. KUCCPS hupanga watu kwa pointi za klasta. Kila kozi ina masomo yake manne, kila somo lina pointi 12 juu kabisa, jumla 48. Udaktari unaangalia baiolojia, kemia, hisabati au fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Halafu kuna jumla yako ya masomo saba, ambayo ni kati ya 84. Fomula ambayo watahiniwa wamefundishana miaka nenda miaka rudi ni hii: gawanya pointi za yale masomo manne kwa 48, gawanya jumla yako kwa 84, zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 48.

Chukua wanafunzi wawili, wote wana A- ya pointi 76. Wa kwanza ana 47 kwenye masomo manne ya udaktari, pointi zilizobaki zimetoka kwa masomo mengine. Ukipiga hesabu anapata karibu 45.2. Wa pili ana 42 kwenye yale manne, nguvu zake ziko kwa historia na biashara. Yeye anapata karibu 42.7. Gredi ni moja, jumla ni moja, lakini wameachana pointi mbili na nusu. Kwa kozi ambayo watu huachwa nje kwa sehemu ndogo ya pointi, huo ni umbali wa Nairobi hadi Mombasa.

Na si lazima uumize kichwa. Ukiingia kwa akaunti yako kwenye tovuti ya KUCCPS utaziona pointi zako za kila klasta. Yule jamaa wa saiba anayetaka umlipe ndio "akupigie chansi" anakuuzia kitu ambacho tayari ni chako.

Sasa, ukishajua pointi zako, unazilinganisha na nini? Na pointi za mwisho za mwaka uliopita, ile wengi huita cut-off. Hapa ndipo watu huchanganyikiwa. Hiyo namba si sheria ambayo chuo kilikaa kikaamua. Ni pointi za mtu wa mwisho aliyeingia mwaka ule. Mwaka ujao mtu wa mwisho ni mwingine, kutegemea ni wangapi wameiomba hiyo kozi na wamepita vipi. Kwa hivyo angalia miaka miwili au mitatu, uone namba inapanda, inashuka au imekaa tu.

Kanuni yangu mimi ni rahisi. Ukiwa juu ya namba hiyo kwa pointi mbili, omba na ulale. Ukiwa karibu nayo, juu kidogo ama chini kidogo, iweke chaguo la kwanza, lakini chini yake weka kozi ambayo una uhakika nayo na ambayo unaweza kuisoma miaka minne bila kulia. Ukiwa chini kwa pointi tatu, wachana na hiyo. Maombi ni mazuri lakini hayaongezi pointi.

Mwaka 2024 watahiniwa 962,512 walifanya KCSE. Waliopata C+ kwenda juu, yaani waliofikia kiwango cha kusomea digrii, walikuwa 246,391. A tupu walikuwa 1,693 nchi nzima. Hao wote hawajazi hata uwanja wa mpira wa kaunti. Kwa hivyo ukisikia mtu anasema "kozi nzuri ni za watu wa A", mwambie ahesabu tena.

Nasema hivi kwa sababu hatari ninayoiona sana si watoto kujiona wakubwa. Ni kujikata mapema. Kuna dada mmoja wa shule ya kutwa aliniandikia akitaka nimhakikishie kwamba ualimu ni chaguo zuri. Ualimu ni chaguo zuri. Lakini pointi zake za klasta ya famasia zilikuwa juu ya mtu wa mwisho wa mwaka uliotangulia. Mbona hakuiweka? Mjomba alimwambia hizo kozi ni za watoto wa shule za kitaifa. Manze, KUCCPS haina klasta ya mjomba. Kuweka famasia kwanza na ualimu pili hakukumgharimu chochote. Mtoto wa shule kubwa ana mwalimu wa kumwelekeza na mzazi aliyepitia hiyo njia. Wa shule ya kutwa ana mjomba na uoga. Pointi zinaweza kuwa sawa kabisa, lakini mmoja anaomba na mwingine haombi.

Hesabu ya pili ndiyo inaniuma. Watu hupiga nafasi ya kuingia, hakuna anayepiga nafasi ya kukaa.

Mimi niliingia. Nilipata kozi niliyoitaka, nyumbani wakachinja kuku, chifu akapiga picha. Mwaka wa pili karo ikashinda familia na nikarudi. Hakuna aliyekosea. Hela zilikuwa hazipo.

Mfumo wa ufadhili ulioanza 2023 uliwagawa wanafunzi kwa bendi tano. Bendi ya kwanza, serikali ilitoa 70% kama msaada na 25% kama mkopo, familia ikabaki na 5%. Bendi ya tano, msaada ulikuwa 30%, mkopo 30%, familia ikalipa 40%. Piga hesabu na kozi ya mfano ya shilingi 500,000 kwa mwaka. Bendi ya kwanza mzazi alitafuta 25,000. Bendi ya tano alitafuta 200,000. Na hapo hujalipa nyumba, hujala, hujanunua hata kalamu. Halafu ufadhili unauomba baada ya kupangiwa chuo. Maana yake unachagua kozi kabla hujajua bendi yako. Mfumo wenyewe umeenda kortini: Mahakama Kuu iliutupa Desemba 2024, Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo 2025. Kwa hivyo usitegemee ya kaka yako. Soma yanayotumika mwaka wako.

Fanya hivi basi. Kabla ya kubonyeza kutuma, keti na mzazi au mlezi na karatasi. Andika gharama ya kozi kwa mwaka, izidishe kwa miaka yote, udaktari ni sita. Chukua 40% kama siku mbaya na 5% kama siku nzuri. Uliza: tukiamkia siku mbaya, tutafanyaje? Pengine jibu ni shamba, pengine ni shangazi, pengine ni kozi ileile katika chuo kilicho karibu na nyumbani ili usilipe nyumba. Na ukipewa bendi isiyofanana na maisha yenu, kata rufaa.

Sisemi watu maskini wasiombe kozi ghali. Nimeshasema, ombeni. Ninachosema ni kwamba mtoto anayejua mapema atahitaji kiasi gani ana miezi ya kutafuta basari za kaunti na za wakfu kabla ya kuripoti. Anayegundua akiwa kwa laini ya usajili, na sanduku lake liko pale miguuni, ana siku moja tu.