Kidonda cha uongo, vipele vya kweli

Nimepotea kidogo, maana wiki hii sina raha kabisa. Nimemuumiza rumeti wangu.

Ilikuwa hivi. Kundi letu la maigizo lina onyesho Ijumaa, na yeye anacheza mama aliyeungua mkono kwa mafuta ya kupikia. Mekapu ni kazi yangu. Tangu nione Little Big Man, ile filamu ya 1970 ambamo Dick Smith alimgeuza Dustin Hoffman kuwa babu wa miaka 121 kwa vipande vya lateksi, kichwa hakijatulia. Bumu lilipoingia tu, nikanunua chupa ya lateksi ya maji kabla hata ya unga wa ugali.

Lateksi ni utomvu wa mti wa mpira, mweupe kama maziwa, uliotiwa amonia usigande. Ukifungua chupa rumuni machozi yanakutoka. Nikampaka Vaseline mkononi ili vinyweleo visije kung'oka, nikagongagonga lateksi kwa sponji, nikasubiri weupe upotee, nikabandika tishu niliyoichana kwa vidole. Usikate kwa mkasi, kingo zitaonekana mpaka viti vya nyuma. Nikapaka tena, tishu tena, matabaka manne. Kisha nikapasua katikati, ngozi ya uongo ikasimama kama lengelenge lililochunika. Poda juu ili isijigandie, halafu nyekundu, na nyeusi kidogo pembeni. Jamani, lilipendeza! Yaani lilitisha.

"Shosti, inawasha," akasema.

"Vumilia, inakauka hiyo."

Akasema tena, mimi napiga picha. Mara ya tatu alikuwa amesimama. Tukaibandua haraka kwa mafuta na maji ya vuguvugu, na chini yake vipele vyekundu vimejipanga kufuata umbo la kidonda changu, kama ramani.

Zahanati, daktari alimuuliza swali moja: ukipuliza puto, midomo inakuwasha? Akajibu ndiyo, tangu mtoto. Mwaka wa pili huu tunalala rumu moja na sijui hilo! Daktari akaandika kwenye faili lake asishikwe na glavu za mpira. Ni protini za ule utomvu ndizo mwili unazikataa, na wengine wakizidiwa hukosa pumzi. Kumbe maelezo yapo kwenye chupa: weka tone kwanza, subiri saa 24, na mwenye mzio wa mpira asiguse kabisa. Mimi nilisoma bei.

Nikaomba nafasi yake apewe mwingine. Yeye akakataa, mistari kaikariri mwezi mzima.

Sasa nimehamia gelatini: unachemsha taratibu na gliserini na maji kidogo, unapaka ikiwa ya vuguvugu. Shida yake ni joto. Chini ya taa za jukwaani, na jasho la Dar hili, inalainika na kuteleza. Itabidi nibandike dakika za mwisho. Swali lake la kwanza lilikuwa: ya ng'ombe au ya nguruwe? Safari hii nilikuwa nimesoma pakiti yote. Ya ng'ombe.

Leo Jumatano saa mbili usiku nimemwekea tone moja tu, ndani ya kiwiko cha mkono mzima.

"Na wewe je, umejiwekea?" akaniuliza.

Nimejiwekea. Mpaka sasa haliwashi, ila kila nusu saa namuamsha kumuuliza lake, na ameanza kunitukana.