Droni Isiyohitaji Uwanja wa Ndege: Karibu Garissa, Lakini Tuongee Kwanza

Wasee, leo tuongee droni za kijeshi. Si zile za kupiga video za harusi. Nazungumzia zinazopaa wima kama helikopta, halafu zikifika juu mabawa yanachukua kazi na zinaenda kama ndege. ScanEagle ya Marekani hurushwa kwa manati na ikirudi hunaswa kwa kamba. Hii ya wima haitaki manati wala uwanja. Inapaa hapo hapo kambini.

Kwetu Kaskazini Mashariki hilo si jambo dogo. Tarehe 2 Aprili 2015, Chuo Kikuu cha Garissa kilivamiwa alfajiri. Kikosi cha Recce kilitoka Nairobi, kikafika saa nyingi baadaye. Watu 148 waliuawa. Sisemi droni ingewaokoa wote. Lakini washambuliaji walikuwa wanne, na jicho juu ya mabweni mapema asubuhi lingesaidia kujua wako wapi.

Kwa hivyo mimi naunga mkono. Ninachouliza ni hiki: zitajaribiwa vipi?

Kupaa wima kunakula betri sana. Hewa ya joto nayo ni nyepesi, haibebi vizuri. Ongeza vumbi letu kwenye mota. Droni iliyofaulu kwenye baridi bado haijafanya mtihani wa Garissa.

Halafu kuna mtihani wa pili, wa yule anayetazama skrini. Abti yangu anachunga ngamia upande wa Hulugho. Ngamia akipotea usiku, wanatoka watu wanne watano kumtafuta, kila mmoja na hangool begani, ile fimbo yetu ya kuvutia miiba. Kwenye kamera ya joto hao ni madoa meupe yaliyobeba kitu kirefu, karibu na mpaka. Wewe uliyekaa Nairobi utasema umeona nini?

Jirani zetu Somalia wanajua. Aprili 2018, karibu na El Buur, shambulizi la anga la Marekani liliua mama na mtoto wake. Jeshi lilikiri mwaka mmoja baadaye. Na hao si wageni wa droni!

Pia tukumbuke Wagalla, Februari 1984, pale vikosi vya serikali vilipowakusanya wanaume kwenye uwanja wa ndege karibu na Wajir na kuwaua wengi. Wazee wetu wakiona chombo cha serikali angani, hawaanzi kwa kupiga makofi.

Nadai mambo matatu tu. Zianze kwa kutazama, bila silaha. Kwenye skrini akae pia mtu anayeijua hangool. Na kosa likitokea, familia ijue pa kwenda kuuliza.

Mimi nikitaka kurusha kadroni kangu ka kamera, lazima KCAA wajue mimi ni nani. Na anayenirukia juu ya boma, mbona nisijue ni nani anawajibika?