Ukirudi Sake na parabole yako, satelaiti ni ileile

Tangu Februari 2025, kambi za pembezoni mwa Goma kama Bulengo na Lushagala zilipobomolewa, barabara ya kwenda Sake imepitisha mizigo ya kila aina: magodoro, sufuria, mabati, mbuzi. Juu ya chukudu na pikipiki nimeona pia parabole nyingi, zimefungwa kwa kamba pamoja na dekoda ndani ya nguo. Wenye nazo wanauliza swali moja: nikifika nyumbani, itashika?

Itashika. Naandika kwa sababu kuna watu wanaolipwa kwa kujibu kinyume.

Katika kiwanja chetu ilikaa familia moja kutoka Sake. Parabole ni kati ya vitu vichache walivyookoa. Jioni umeme ukiwapo, majirani walikaa kwao, watoto wakingoja mpira na wazee wakingoja habari. Walipojiandaa kurudi, fundi mmoja aliwaambia kwamba Masisi ina satelaiti yake, kwamba kichwa cha parabole wanachotumia ni cha Goma tu, na kwamba cha kule ni dola 15. Mama wa familia hiyo akaniuliza, "Papa, wewe ni mtu wa habari. Ni kweli Masisi ina satelaiti yake?"

Dola 15 kwa mtu anayerudi kwenye shamba lililojaa majani ni jembe na mbegu za maharagi. Kwa hiyo nilimweleza pole pole, kama ninavyowaeleza ninyi sasa.

Satelaiti za televisheni ziko juu ya ikweta, karibu kilomita 36,000 kutoka ardhini. Zinazunguka kwa mwendo ule ule wa dunia, ndiyo maana kwetu zinaonekana kama zimesimama mahali pamoja usiku na mchana. Zimepangwa kama nyumba kwenye barabara moja ndefu, kila moja na nambari yake ya digrii. Kwa nambari hizo, Goma iko kwenye 29. DStv hutangaza kutoka 36, basi parabole yake hapa huelekea upande wa Gisenyi, ikitazama juu sana, karibu utosini. Azam TV iko kwenye 7, basi parabole yake huelekea upande wa Sake na Masisi, ikiwa imeinama zaidi kidogo.

Sasa linganisha. Kutoka Goma hadi Sake ni kilomita zisizofika 30. Digrii moja ya dunia ni kilomita kama 111. Ukihamia Sake umesogea robo digrii tu. Ukienda Rutshuru, ni kama nusu digrii. Parabole ndogo ya nyumbani inavumilia kiasi hicho bila shida. Mtu wa kubadilisha vipimo vyote ni yule anayetoka Kinshasa, maana kule ni mbali mno na hapa. Kutoka Bulengo hadi Sake, satelaiti ni ileile, pembe ni ileile, na kichwa ni kilekile.

Kichwa nacho kina kazi yake. Sahani hukusanya mawimbi dhaifu sana kutoka juu na kuyaelekeza kwenye kichwa. Kichwa huyakuza, huyashusha hadi kiwango kinachoweza kupita kwenye waya, kisha huyapeleka kwa dekoda. Umeme wake, volti 13 au 18, hutoka kwenye dekoda kupitia waya huohuo. Kwa hiyo waya ukiingia maji au ukipinda vibaya, kichwa kizima kitaonekana kama kimekufa. Kabla ya kununua kingine, zima dekoda, kata ncha ya waya iliyooza, safisha shaba, ufunge upya.

Kabla ya kushusha parabole, fanya mambo matatu. Kwanza, nyuma ya sahani kuna kipimo cha digrii: andika nambari hiyo kwenye karatasi, au kwaruza alama kwa msumari. Pili, tia alama pale kichwa kinaposhikwa, maana namna kilivyozungushwa ni sehemu ya kipimo. Tatu, kumbuka mlima au jengo ambalo parabole ilikuwa inaelekea, na upande gani wa jua la asubuhi.

Ukifika, simamisha mti wa chuma wima kabisa. Funga jiwe kwenye uzi, ulitundike kando ya mti, utazame kutoka pande mbili. Hapa ndipo wengi wanapoteza siku nzima, kwa sababu mti ukilala kidogo, nambari uliyoandika haina maana tena. Usiufunge kwenye ukuta wa mbao unaotikisika. Debe lililojaa mawe na saruji linafaa zaidi. Rudisha nambari yako, kisha zungusha sahani kushoto na kulia pole pole, ukipumzika kila mara, maana dekoda inahitaji sekunde chache kutambua.

Kwenye skrini utaona mistari miwili: nguvu na ubora. Fundi akikuonyesha nguvu peke yake na kudai malipo, mwambie asubiri. Nguvu inaweza kupanda hata sahani ikitazama satelaiti nyingine. Ubora ndio unaosema umeipata yenyewe.

Mvua kubwa ikikata picha, usipande juu ya nyumba. Matone yanazuia mawimbi, na picha itarudi mvua ikipungua. Majivu ya volkano na maji yaliyotuama ndani ya sahani uyafute, kwani zetu hulala chali kuliko za Ulaya.

Tena, wengine wameogopa kusimamisha parabole wakidhani inatuma habari za mahali walipo. Parabole ya televisheni inapokea tu. Satelaiti haijui nani anaitazama, kama vile redio yako haijui kwamba unaisikiliza.

Familia ile iliondoka na kichwa chao cha zamani na nambari imeandikwa kwa makaa nyuma ya sahani. Siku tatu baadaye mama alipiga simu kutoka Sake. Nyumba yao haina tena mlango, na nusu ya mabati imeibwa. Lakini parabole imeshika, na majirani waliokwisha kurudi wanakuja jioni kusikiliza habari. Aliomba nimtafutie mtu anayeuza mabati kwa bei nafuu. Anayemjua aniandikie.