Mgeni wa Disemba Makunduchi

Makunduchi si mahali pa Krismasi. Tarehe 25 Disemba wavuvi huenda pwani na wakulima huenda kondeni kama kawaida. Kwetu siku hiyo ni sehemu ya likizo ya shule: wanangu wawili hutoka mjini kuja kwa bibi yao, naye huwapikia mkate wa kumimina.

Mkate huu hautaki haraka. Mchele hurowekwa usiku kucha, husagwa pamoja na tui la nazi, hutiwa hamira, sukari na iliki, kisha huachwa uumuke. Hapo ndipo humiminwa katika sufuria, ukawekewa makaa chini na mengine juu ya mfuniko. Watoto hawachoki kuuliza kwa nini moto uko juu.

Mwaka jana jikoni walikaa watoto wanne. Wawili walikuwa wa jirani yetu, mama Mkristo aliyetoka bara kufanya kazi katika hoteli ya pwani. Disemba ni msimu mkubwa wa watalii. Aliondoka alfajiri kwenda kuwaandalia wengine sikukuu ambayo ni yake, wanawe wakabaki nyumbani. Mama yangu alipojua, aliwaita: “Njooni wajukuu zangu, mkate unakaribia kuiva.” Usiku mama yao aliporudi alikuta sahani yake imefunikwa. Alikula akiwa bado na sare ya kazi.

Yupo aliyenong’ona kwamba huko ni kusherehekea dini ya watu. Hoja hiyo haifai kudharauliwa, kwani mwenye imani ana haki ya kulinda mipaka yake. Lakini mama hakupamba mti wala hakuimba. Alitimiza haki ya jirani, ambayo alifunzwa chuoni na dini yake mwenyewe.

Ajabu ni kuwa manong’ono hayo yatokee Makunduchi. Kila Julai, katika Mwaka Kogwa, wazee wetu hushikilia kuwa nyumba isiyo na mgeni haina bahati. Basi vipi mgeni wa siku moja awe baraka, na anayeishi nasi miezi 12 aitwe “mtu wa bara” hata na watoto wanaocheza na wanawe?

Najua manung’uniko ya vijana wetu kuhusu ajira za hoteli, na mengi yana msingi. Yaelekezwe kwa wanaopanga elimu, mafunzo na masharti ya uwekezaji. Mtoto wa miaka mitano hakuichukua kazi ya mtu.

Sheria ya nchi imezipa Idi na Krismasi hadhi ya sikukuu za umma, Bara na Visiwani. Hilo ni jambo jema, lakini sheria haiwezi kumwita mtoto wa jirani aje kula. Kazi hiyo imeachwa kwetu, na likizo ya Disemba haiko mbali.