Minneapolis: Mji ambako baiskeli hailali theluji ikianguka

Msomaji mpendwa, iwapo wewe ni mmoja wa wale wanaolalamika kila mwezi wa Julai kwamba Limuru hakukaliki kwa baridi, vuta kiti karibu na jiko. Leo ninakupeleka Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani. Baridi ya huko hugandisha maziwa, na hata maji yaliyo kwenye chupa ya mwendesha baiskeli. Ajabu ni kwamba katika baridi hiyo hiyo utawaona watu wazima, wenye magari yao nyumbani, wakiendesha baiskeli kwa kujifurahisha tu.

Huenda ukauliza, hayo yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Minnesota ina jamii kubwa ya Wakenya, hasa katika vitongoji vya kaskazini mwa mji huo kama vile Brooklyn Park. Wengi wao hufanya kazi ya uuguzi na kutunza wazee. Yumkini nawe una ndugu, binamu au mtoto wa jirani huko. Ukimpigia simu mwezi wa Januari na kusikia sauti yake imefifia, si lazima awe mgonjwa. Huenda ni giza linalomlemea.

Jua latua saa kumi na nusu

Hapa kwetu jua huchomoza na kutua karibu saa zile zile mwaka mzima. Minneapolis iko kwenye latitudo ya 45, yaani nusu ya njia kutoka ikweta hadi Ncha ya Kaskazini. Mwezi wa Juni jua hutua karibu saa tatu usiku. Mtu hutoka kazini, akala, akazunguka maziwa kwa baiskeli na kurudi nyumbani kabla ya giza.

Halafu hufika Jumapili ya kwanza ya Novemba, ambapo saa zote hurudishwa nyuma kwa saa moja. Jana yake jua lilitua karibu saa kumi na mbili jioni. Leo linatua karibu saa kumi na moja. Kufikia Desemba 21 huchomoza karibu saa mbili asubuhi na kutua kama saa kumi na nusu. Mfanyakazi wa mchana huenda kazini gizani na kurudi gizani.

Hapo ndipo kila mpenda baiskeli hulazimika kukata shauri. Wengi huitundika kwenye gereji ingoje mwezi wa Aprili. Wachache hukataa. Usidhani shauri hilo ni dogo. Upande mmoja kuna upweke wa kujifungia ndani miezi mitano, mtu akinenepa na kununa mbele ya televisheni. Upande wa pili kuna barafu inayoweza kuvunja mkono, na mkono wenyewe ndio unaolisha watu kule nyumbani Kisii.

Njia ya reli iliyogeuzwa

Wanaokataa kuitundika baiskeli wana bahati ya kuwa na pa kupita. Katikati ya mji kuna njia iitwayo Midtown Greenway, yenye urefu wa kilomita 9 hivi. Zamani ilikuwa njia ya reli. Sehemu ya kwanza ilifunguliwa kwa baiskeli na watembea kwa miguu mwaka wa 2000. Sehemu kubwa yake imezama chini ya barabara za mji kama handaki lisilo na paa, kwa hivyo magari hupita juu ya madaraja nawe unapita chini bila kuwaona.

Theluji ikianguka, matrekta hupita kuisafisha njia hiyo. Si kazi ndogo, kwani mji huo hupata theluji ya zaidi ya sentimita 120 kwa mwaka wa kawaida. Kuna wakati hufika kwa pupa: kuanzia Oktoba 31 hadi Novemba 3 mwaka wa 1991, tufani moja ilimwaga sentimita 72 hivi. Wazee wa huko wangali wanaisimulia kama sisi tunavyosimulia mvua ya El Nino ya 1997.

Elewa pia kwamba theluji na barafu ni vitu viwili. Theluji mpya ni laini kama unga, na baiskeli hupita juu yake ikilia kama mtu anayetafuna njugu. Adui ni barafu. Theluji huyeyuka mchana, maji yakaganda usiku, na asubuhi lami inang'aa kama kioo. Hapo ukikaza breki ya mbele au kukata kona kwa ghafla, utajikuta chini kabla ya kusema lolote.

Dawa yake ni tairi zenye misumari midogo ya chuma kigumu, iliyopachikwa kwenye mpira ili iume barafu. Wengine hununua baiskeli za tairi nene, upana wa sentimita 10 hivi, zinazoelea juu ya theluji badala ya kuzama. Mwaka wa 2005 kampuni ya Surly, yenye makao katika kitongoji cha Bloomington hapo hapo karibu na Minneapolis, ilitoa baiskeli ya aina hiyo iitwayo Pugsley. Tangu hapo zimeenea hata katika nchi nyingine za baridi.

Usivae ukaona joto

Mgeni hudhani siri ni kuvaa makoti matatu. Sivyo. Wenyeji husema kwamba ukitoka mlangoni ukihisi joto, umevaa kupita kiasi. Baada ya dakika 10 za kukanyaga pedali utaanza kutoka jasho, na ukisimama kwenye taa za barabarani jasho hilo litageuka baridi mwilini. Fulana ya pamba ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa hunywa maji na kukaa nayo. Vaa sufu ndani, sweta jepesi juu yake, kisha koti la kuzuia upepo. Kichwani vaa boshori chini ya helmeti. Mikononi vaa glavu ambazo vidole vinne hukaa chumba kimoja, vikipashana joto kama watoto kitanda kimoja.

Kumbuka kwamba mwendesha baiskeli hujitengenezea upepo wake mwenyewe. Siku yenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sufuri, upepo wa kilomita 24 kwa saa hufanya ngozi isikie kama nyuzi 28 chini ya sufuri. Ngozi iliyo wazi inaweza kuganda kwa nusu saa. Dalili ni kidole au ncha ya sikio kufa ganzi na kupauka. Ukiona hivyo usisugue, wala usikimbilie moto. Ingia ndani, pasha mahali hapo polepole kwa maji ya uvuguvugu, na ikiwa ganzi haiondoki mwone daktari.

Baiskeli nayo huteseka. Barabara humwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo hula cheni kama mchwa. Ipanguse kila ukirudi na kuitia mafuta. Maji yakiingia kwenye waya za breki na gia huganda humo. Betri za taa huisha upesi, na bila taa usitoke kabisa. Upepo ndani ya tairi nao hupungua nguvu kwa baridi, hivyo tairi uliyoijaza sebuleni itakuwa imelegea ukifika nje.

Siku za kukaa nyumbani

Je, hakuna siku ambayo hata shujaa husalimu amri? Ipo. Januari 30, 2019, baridi ilifika nyuzi 33 chini ya sufuri. Siku kama hiyo mwenye busara hukaa ndani, au hupanda basi. Mabasi ya mji huo yana vyuma vya kubebea baiskeli mbele. Lakini kuna wasiosikia. Kila mwisho wa Januari, kaskazini mwa jimbo hilo, hufanyika mashindano yaitwayo Arrowhead 135, ya maili 135, yaani kilomita 217 za theluji. Wanaoshiriki kwa baiskeli, kwa miguu au kwa skii hupewa saa 60 kumaliza. Yalianza mwaka wa 2005, na wengi huyaacha njiani.

Mwendeshaji wa kawaida hana haja ya ushujaa huo. Yeye hutaka saa moja tu ya Jumamosi adhuhuri, jua likiwaka juu ya theluji, apite kando ya ziwa Bde Maka Ska, jina la lugha ya Wadakota, wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Hapo huwaona watu wameketi katikati ya ziwa wakivua samaki kwa tundu walilotoboa kwenye barafu. Usiwafuate bila kuuliza. Wakuu wa maliasili wa jimbo hilo hushauri barafu mpya iwe na unene wa sentimita 10 hivi kabla mtu hajaikanyaga, na huonya kwamba hakuna barafu iliyo salama kabisa.

Basi msomaji, ukiwa na mwana au ndugu anayeelekea huko, mfungashie sweta, lakini pia mpe nasaha hii: baridi haimuui aliyejiandaa, ila upweke humla mtu polepole. Aulize wenyeji njia, anunue baiskeli kuukuu na tairi za misumari kabla ya Novemba, aanze kwa safari fupi, na asitoke bila kumwambia mtu anakokwenda. Nawe ukimpigia simu Januari, usimuulize tu kama pesa zimetumwa. Muulize kama wiki hii ameliona jua.